Muulize Sista: Wakaguzi wanakuja, nianzie wapi?

Toleo lililopita niliandika kwamba nyota za ubora zinazobandikwa mlangoni mwa zahanati hazimwambii mgonjwa kilichomo ndani ya friji. Nilidhani nimemaliza. Kumbe ndiyo nimefungua mlango. Barua nyingi zimetoka kwa wenzangu wa kazi kuliko kwa wagonjwa. Nimechagua tano. Majina ya vituo nimeyaondoa, ya watu vilevile.

Shikamoo Sista. Mimi ni tabibu, nimehamishiwa zahanati ya kijijini wilayani Handeni na kukabidhiwa uganga mfawidhi. Tuko wanne: mimi, muuguzi mkunga, mhudumu wa afya na mlinzi. Aliyenitangulia alinipa funguo na mhuri akapanda boda. Nilichokuta: sefti boksi zimejaa mpaka sindano zinachungulia, dawa zilizoisha muda ziko rafu moja na nzima, na jedwali la joto la friji la chanjo limejazwa nyuzi 4 asubuhi, nyuzi 4 jioni, mwezi mzima, kwa kalamu moja. Kamati ya zahanati haijakaa siku nyingi. Timu ya halmashauri inakuja Jumatano ya wiki ijayo. Muuguzi wangu anashauri tupake rangi ukuta wa mbele kwa kuwa ndio wanaouona kwanza. Nianzie wapi? — Mfawidhi mpya, Handeni

Marahaba mwanangu, na hongera ya mhuri.

Rangi iacheni. Nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka, nikizunguka na timu ya wilaya kwenye usimamizi shirikishi, na harufu ya rangi mbichi ilikuwa inatufanya tuombe leja ya dawa kabla hata hatujapewa viti.

Kabla hujagusa chochote, andika. Wewe na muuguzi wako mhesabu kila kilichopo, mtendaji wa kijiji au mwenyekiti wa kamati awe shahidi, mtie saini na tarehe. Dawa zipi zimeisha muda na ni ngapi, maboksi mangapi yamejaa, friji limekutwa na hali gani. Aliyepanda boda amekuachia na madeni yake, na bila karatasi ya makabidhiano Jumatano yatasomwa kwa jina lako.

Kisha shughulikia kile kinachoweza kumuumiza mtu leo hii, kabla hamjafunga kituo. Kwa ulivyoeleza, ni sindano. Boksi la sindano linajazwa robo tatu tu, likifika hapo linafungwa, linaandikwa tarehe na kwenda kwenye kichomea taka au shimo lililozungushiwa uzio. Hayo yaliyofurika yasisindiliwe kwa mkono, na yasimiminwe kwenye boksi jipya ili kubana matumizi. Hilo la kumimina nimeliona kwa macho yangu, likifanywa na mtu mwenye cheti ukutani. Yafungwe kama yalivyo, anayefunga awe amevaa glovu nzito. Halafu tazama boksi jipya linakaa wapi. Kama liko chumba cha pili, muuguzi anatembea na sindano iliyotumika mkononi, na kliniki ya watoto siku ya chanjo unaijua ilivyo. Boksi likae pale pale mkono unapochomea. Na kifuniko cha sindano, kikishatoka, kimetoka, hakirudishwi.

Sasa friji. Nyuzi 4 asubuhi na jioni, Jumapili na sikukuu, mwezi mzima? Hata friji lililotoka bohari jana halina nidhamu hiyo. Chanjo zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na anayesoma kweli ataandika 5, kesho 3, keshokutwa 6, siku moja 7 na maneno pembeni kwamba mlango uliachwa wazi. Lakini usipoteze muda kubishana na jedwali. Angalia ndani kama kuna kile kifaa kidogo chenye kioo kiitwacho Fridge-tag. Kinatunza kumbukumbu ya siku 30 zilizopita na hakimwogopi mkaguzi. Kikionyesha kengele ya baridi, maana yake joto lilishuka mpaka nusu nyuzi chini ya sifuri kwa saa nzima. Kikionyesha ya joto, lilipita nyuzi 8 kwa saa 10 mfululizo. Wengi wetu tunaogopa joto peke yake. Baridi ndiyo inayotuponyoka: chanjo ya pentavalenti (ile ya magonjwa matano), ya nimonia na ya pepopunda zikiganda zimeharibika, na zikishayeyuka kichupa ukikitazama juu juu unaona ni kile kile. Mtoto anachomwa, analia, kadi inapigwa alama, mama anarudi nyumbani ameridhika, na kinga haipo.

Ukikuta kengele, chanjo hizo usizitumie na usizitupe. Zikusanye humo humo kwenye ubaridi, zibandike karatasi ya USITUMIE, umpigie mratibu wa chanjo wa wilaya siku hiyo hiyo. Yeye anajua jaribio la kutikisa vichupa na ndiye wa kuamua. Soda za mlinzi, kama zimo, zitoke.

Ukiwa bado umeshika mlango wa friji, jiulize oksitosini iko wapi. Nenda leba ukaitazame. Kwenye zahanati nyingi nilizopita niliikuta kabatini karibu na dirisha, jua la saa tisa likiipiga. Hii ndiyo dawa anayochomwa mama uniti 10 mara tu mtoto anapotoka, ili mji wa mimba ukaze asivuje damu. Nayo inataka nyuzi 2 hadi 8, sawa na chanjo. Ikikaa kwenye joto wiki baada ya wiki nguvu inaisha huku kichupa kikiwa kisafi kama maji ya mvua. Mkunga anachoma, anasubiri, damu haikati, anachoma tena, na watu wanaanza kusema mama alikuwa na mkosi. Zamani watu wa chanjo walikuwa hawataki kuona kitu kingine kwenye friji lao. Lakini mwaka 2019 WHO, UNICEF na UNFPA walitoa tamko la pamoja kuwa oksitosini inaweza kutunzwa kwenye mnyororo baridi wa chanjo. Ipe kikasha chake chenye maandishi makubwa, isichanganyikane na vichupa vya watoto, na zamu ya leba ichukue ya siku hiyo tu.

Hukuniuliza, lakini ukiwa leba shika na ambu ya watoto wachanga, ule mfuko wa kuwasukumia hewa. Ziba mdomo wake kwa kiganja, iminye. Ikikubishia, nzima. Ikitoa upepo pembeni, mbali na vali yake ya usalama, imepasuka, na mtoto asiyelia hana muda wa kukusubiri uitafute nyingine. Dakika yake moja ya kwanza ndiyo hiyo. Muuguzi afanye hivyo kila anapoingia zamu na aandike kwenye ripoti buku. Haichukui muda.

Dawa zilizoisha muda zitoke rafuni leo, ziingizwe kwenye daftari lake kwa jina, idadi na tarehe, zifungwe kwenye katoni na kuwekwa mbali na stoo. Usizichome nyuma ya choo wala kuzitumbukiza chooni. Mjulishe mfamasia wa wilaya, kwa sababu uteketezaji wa dawa una utaratibu unaosimamiwa na TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Zilizobaki zipange upya: ile inayowahi kuisha muda ikae mbele, hata kama imeingia jana. Muuguzi wako atakwambia mbona tulizoea kutoa iliyotangulia kuingia. Mwambie MSD, yaani Bohari ya Dawa, wanaweza kuleta leo katoni inayoisha kabla ya ile iliyoletwa mwezi uliopita.

Halafu mwite mhudumu wako wa afya akuonyeshe anavyochanganya jiki. Usimfundishe kwanza, mwache akuonyeshe. Wengi wanapima kwa pua: ikinuka, tayari. Kwa JIK ya asilimia 3.5, ukitaka mchanganyiko wa asilimia 0.5 wa kusafishia damu iliyomwagika, ni kikombe 1 cha JIK kwa vikombe 6 vya maji. Soma kwanza lebo ya chupa, maana kuna za asilimia nyingine na hesabu inabadilika. Uchanganywe kila siku, ndoo iandikwe tarehe.

Jumatano utasikia pia habari za S tano za kupanga mahali pa kazi: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Tuliletewa mpango huo na Wajapani, ukaanzia Hospitali ya Rufaa Mbeya mwaka 2007, na mimi ni miongoni mwa waliokuwa wakiguna. Unasaidia kweli ukianza na stoo. Kasoro yake ni pale watu wanapopenda lebo kuliko kazi. Nimewahi kuingia chumba ambacho meza imeandikwa MEZA, na droo yake haina hata glovu moja.

Kuhusu kamati, iite kabla ya Jumatano hata kama ni chini ya mwembe. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za mfuko wa pamoja wa afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hazipitii tena mikononi mwa halmashauri kama zamani. Maana yake ndoo za taka za rangi, pazia la chumba cha kuchomea sindano na glovu nzito za mhudumu si mambo ya kuandikia barua wilayani na kungoja mwaka. Mnayapanga na kuyanunua wenyewe. Lakini kamati isiyokaa haiwezi kupitisha matumizi.

Timu ikifika, wape karatasi ya makabidhiano mkononi, kisha orodha ya ulichokwisha kurekebisha, na jedwali jipya la friji lililoanza tarehe uliyoshika kazi. Utakuta lina mistari michache tu, na mkaguzi anayejua kazi yake ataiamini kuliko mwezi mzima wa nyuzi 4. Usiogope nyota chache. Katika tathmini ya kwanza ya nchi nzima, ile ya 2015/16 wakati wa mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, lengo lilikuwa asilimia 80 ya vituo vya msingi vifike nyota 3, na vituo vingi havikupata hata moja. Waliorudiwa 2017/18 wengi walikuwa wamepanda, na waliopanda ni wale walioambiwa wazi kasoro zao.

Sista shikamoo. Nafanya usafi kwenye zahanati ya mtu binafsi. Nilikuwa nafunga mfuko wa taka, sindano iliyokuwa ndani ikanichoma pajani. Bosi kaniambia nipake spiriti na nisitangaze, wateja watakimbia. Sijalala. — M., Morogoro

Marahaba binti. Ujumbe wako ulikuwa na namba ya simu, nikakupigia usiku ule ule, na nafurahi kwamba dawa umeshaanza. Ninayoandika hapa ni kwa walio kama wewe.

Ukichomwa na sindano iliyotumika: osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka. Usikamue, usichanje, usipake jiki. Kisha nenda siku hiyo hiyo kwenye kituo chenye kliniki ya tiba na matunzo, uwaambie umechomwa na sindano kazini. Huna haja ya barua wala ruhusa ya bosi. Watakupima VVU, na ikionekana inafaa wataanza kukupa dawa za kinga za siku 28. Zinafanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa za mwanzo, na zikipita saa 72 hazianzishwi. Ndiyo maana neno "nisitangaze" limenikera. Mtu ananyamazishwa siku tatu, na siku tatu ndizo alizonazo.

Ili upate usingizi: kati ya watu 1,000 wanaochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye VVU, bila kutumia kinga yoyote, wanaoambukizwa ni kama 3. Homa ya ini aina ya B ndiyo yenye kasi kubwa zaidi, na hiyo ina chanjo. Uliza kama umewahi kuchanjwa. Mfanya usafi ndiye anayetakiwa kuwa wa kwanza kwenye foleni ya dozi zile tatu, na kwa kawaida ndiye anayesahauliwa kabisa kwa kuwa hana koti jeupe.

Na wewe bosi, kama unasoma. Sindano haikutembea yenyewe kwenda kwenye mfuko wa taka. Kuna mtu wa chumba cha sindano aliitupa humo, na kesho ataitupa tena. Tafuta boksi lilikuwa wapi saa ile. Mpe binti glovu nzito na buti. Fungua kitabu cha matukio, uandike tukio hili liwe la kwanza. Mwajiriwa akiumia kazini taarifa inapelekwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mfuko huo ni wa sekta binafsi pia. Wateja wanakimbia zaidi zahanati ambayo mfagizi wake anasimulia mtaani.

Habari Sista. Mwanangu alipimwa malaria kwenye kliniki moja huku Mbagala, akakutwa nayo. Dirisha la dawa wakaita "Mama Aisha!", tukasimama wawili. Nikapewa mseto, vidonge viwili asubuhi, viwili jioni. Nyumbani naona bahasha imeandikwa kilo 22, na wangu ana kilo 11. Niliporudi wakacheka, "Bahati nzuri umeona mama." Je, jambo hili niliache? — Mama Aisha mwingine, Mbagala

Nzuri mwanangu. Usiliache.

Mtoto wa kilo 5 mpaka chini ya 15 anameza kidonge kimoja cha mseto asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu. Wa kilo 15 mpaka chini ya 25 ndiye wa viwili viwili. Wako angemeza mara mbili ya dozi yake, na yule Aisha mwingine, kama amepewa bahasha yako, anameza nusu na malaria itarudi. Hilo la pili ndilo ningewauliza kwanza: je, mmempigia yule mama mwenzangu?

Jina moja halitoshi kumjua mgonjwa, sembuse jina la mama wa fulani, ambalo Mbagala nzima tunaitana. Kituo kinachojali kinatumia vitu viwili: jina kamili la mgonjwa na namba ya faili, au jina na tarehe ya kuzaliwa. Na namna ya kuuliza ina maana. Mhudumu akisema "Wewe ni Mama Aisha?", mama aliyekesha na mtoto mwenye homa atajibu ndiyo kwa lolote. Aulize "Mtoto anaitwa nani? Ana kilo ngapi?", kisha anyamaze asubiri.

Piga picha bahasha, uitunze. Andika barua fupi kwa msimamizi wa kliniki: tarehe, saa, ulichopewa, ulichotakiwa kupewa, na uombe jibu la maandishi kwamba wamebadilisha nini pale dirishani. Barua haihitaji ukali. Wasipojibu, ofisi ya Mganga Mkuu wa Manispaa ya Temeke inasimamia na vituo binafsi pia. Na kama siku nyingine dawa imemletea mtoto madhara, kuna fomu ya kijani ya TMDA ambayo mgonjwa mwenyewe anaruhusiwa kujaza. Ya njano ni ya watumishi.

Sista, salaam. Mimi ni mzee wa miaka 71, mjumbe wa kamati ya zahanati huku Iramba. Tukiitwa tunapewa soda na muhtasari ulioandikwa tayari, tunasaini. Nikiuliza naambiwa hayo ya kitaalamu. Mtu aliyeishia darasa la saba aulize nini? — Mjumbe, Iramba

Shikamoo mzee wangu.

Ya kitaalamu waachie. Kuna maswali ambayo hayana Kilatini ndani yake. Akaunti ya zahanati ina shilingi ngapi leo, na tuone karatasi ya benki, si ya kuandikwa kwa mkono. Robo hii dawa gani ziliisha, na zilikosekana kwa siku ngapi. Kadi ya stoo inasema mseto uko maboksi kumi. Twende sote stoo tukayahesabu. Hili la mwisho lipende sana. Usilifanye kwa ugomvi, fanya kama desturi ya kila kikao, na baada ya vikao viwili hakuna atakayeshtuka.

Uliza usiku nani yupo. Mjamzito akija saa nane za usiku, anagonga mlango gani, na huyo aliyeko ndani anapiga simu wapi akihitaji gari. Namba ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, ni 115, haikatwi salio, na inafaa ibandikwe nje ya jengo palipo na taa, siyo ofisini kwa mfawidhi ambako usiku pamefungwa. Uliza sanduku la maoni ufunguo wake anao nani. Kama anao mfawidhi, mnajua kwa nini sanduku ni tupu. Ufunguo uwe wa mjumbe, lifunguliwe mbele ya kikao, yasomwe kwa sauti.

Uliza maji. Kituo kisicho na maji hakina usafi wa mikono, hata kikiwa na bango la hatua za kunawa. Huko kwenu Singida mvua ni ya msimu, basi kagueni mabati yana mifereji na tenki halina ufa kabla ya Novemba.

Mipaka nayo ipo, mzee wangu. Usiulize nani ana ugonjwa gani, wala usiingie chumba cha daktari mgonjwa akiwemo, hata kama ni mjukuu wako. Na muhtasari ulioandikwa kabla ya kikao, usiutie saini. Sema tu kwa upole kwamba miwani umeisahau, utausoma nyumbani na kuurudisha kesho. Soda unywe.

Sista, mimi ni daktari, nina kliniki yangu Mwanza, ndogo, vyumba sita. Mchana niko hospitali ya serikali, kliniki inaendeshwa na mpwa wangu aliyesomea biashara. Malalamiko yameanza: foleni, majibu ya maabara kuchelewa, juzi faili la mgonjwa limepotea. Nafikiria kufunga kamera kila chumba niwe nafuatilia kwa simu. Unashauri kamera za aina gani? — Daktari mwenye kliniki, Mwanza

Daktari, kamera za getini na mapokezi tu. Chumba cha daktari, cha sindano na cha vipimo usifunge kabisa. Mgonjwa anavua nguo mbele yako, hakuvua mbele ya simu yako ukiwa kwenye daladala.

Mpwa wako sina neno naye, huenda hesabu anaziweza. Lakini mchana, wewe ukiwa kwa mwajiri wako, nani ndani ya jengo hilo ana leseni ya kitabibu na mamlaka ya kusema "huyu apelekwe rufaa sasa hivi", au "maabara isitoe majibu leo, kifaa kinasoma vibaya"? Kama jibu ni "wananipigia", basi kliniki yako mchana haina mganga, ina namba ya simu. Ajiri tabibu mmoja wa kudumu, mwandikie barua inayosema yeye ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye matibabu na mpwa wako kwenye fedha, na uibandike mahali wote wawili wanapoiona. Malalamiko mengi uliyonitajia yatapungua hapo, ikiwemo foleni, kwa sababu nusu ya foleni ni watu wanaosubiri wewe upokee simu.

Faili lililopotea: acheni kuyapanga kwa majina. Namba, daftari la faili linalotoka na linalorudi, na mtu mmoja wa mapokezi anayehesabu jioni. Ukitaka mtu wa nje akupime bila kukuogopa, APHFTA, chama cha vituo binafsi vya afya, wanatumia vigezo vya ubora vya SafeCare kwa vituo binafsi vidogo kama chako. Vina ngazi tano na unaambiwa cha kurekebisha kwanza. Wengi huanzia chini.

Majibu ya maabara yakichelewa, usikimbilie kununua mashine. Kaa maabara Jumamosi asubuhi na saa ya mkononi, uandike sampuli iliingia saa ngapi, ilipimwa saa ngapi, karatasi ilifika kwa daktari saa ngapi. Nakisia utakuta muda mwingi karatasi imelala kwenye kaunta ikisubiri mtu wa kuibeba. Na huyo mteknolojia wako, mwombe nakala ya leseni yake ya mwaka huu, siyo ya mwaka aliomaliza chuo.